Pasiponong'onwa

Mto wa kukalia tulikodi kwa Zdravka, mlangoni,
naye akatupa onyo kabla ya chenji:
"Marumaru hii hunywa jua mchana kutwa.
Usiku huwarudishia makalioni. Msije mkalala."

Bibi Genoveva hakutaka mto.
Alisema, nimekaa hapa kabla hapa hapajawa hapa.
Na ni kweli. Nyumba ya baba yake ilikuwa juu ya haya yote:
ukuta wa udongo, mzabibu, banda la kuku,
hadi mwaka ule kilima kilipoteleza kwa mvua
na chini ya banda kikachungulia kidato cheupe,
halafu cha pili,
halafu wakaja watu wenye brashi na kamba.
Mzabibu ulikatwa.
Baba yake akapewa fleti ghorofa ya saba,
na lifti hakuizoea mpaka anakufa.

Tunapanda polepole, mkono wake begani mwangu,
kila ngazi imelika katikati kama kipande cha sabuni.
Safu ya kumi na moja ananisimamisha,
anapapasa herufi za Kigiriki kwenye kiti:
jina la kabila fulani la mji huu, enzi za Warumi,
watu waliotaka ijulikane wao hukaa wapi.
"Sisi," anasema, "tungechora jogoo."

Nyuma ya nguzo, mbali,
milima ya Rodopi imekaa kama wageni waliochelewa
wakaona haya kupita mbele za watu.
Na chini yetu, tumboni mwa kilima, kuna handaki la magari.
Ukituliza nyayo utayasikia yakinguruma
kama njaa ya mtu mwingine.

Saa tatu, taa.
Anaingia mfalme. Ni Stoimen, mtoto wa fundi bomba wa mtaani kwetu,
joho lake ninalijua, lilikuwa pazia la shule.
Mchezo ni wa mfalme asiyetaka kuambiwa kitu:
wajumbe kawafukuza, madirisha kayaziba,
hata kasuku kamfunga kitambaa mdomoni.
Leo, mwisho, amesimama katikati ya duara la mawe
aseme neno lake moja kubwa,
na neno halipo.

Limemtoka. Tunaliona likimtoka.
Mkono umebaki hewani kama wa mtu anayesimamisha teksi.
Popo akakata mwanga. Lori likapita tumboni.

Ndipo nyuma ya nguzo ya tatu
mwanamke mwenye daftari akanong'ona,
kwa pumzi tu, kwa sikio moja tu,
kama alivyofundishwa.
Lakini waliochonga mahali hapa hawakuchonga kwa ajili ya siri.
Jiwe lilipokea, likampasia jiwe la juu yake,
safu kwa safu, kama ndoo za maji penye moto,
hadi kule juu kwenye wavulana wa tiketi nafuu,
na sote tukasikia
kabla ya mfalme kusikia:

*Niambieni.*

Mtu akacheka. Wengi wakacheka.
Stoimen akameza mate, masikio yakamwiva,
akalisema, maana afanyeje:
"Niambieni!"

Na Bibi yangu, bila kusimama, bila kupaza sauti,
kwa sauti ileile ya kuomba chumvi mezani, akajibu:
"Kuku walikuwa watano."

Kimya.
Hakikuwa kimya cha kukasirika.
Mfalme aligeuka, akainua kichwa, akaitafuta safu ya kumi na moja,
akashusha ule mkono wake wa teksi,
akangoja.

Sijui alingoja muda gani.
Bibi alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili,
midomo ikihesabu kitu,
na nilipomshika bega niliona anatabasamu,
na jiwe, kweli, lilikuwa bado la moto.